WALIMTOA MWANANGU ZIWANI

"Toa ziwa mdomoni kwa mjukuu wangu! Toa!"

Kabla sijajibu, mkono wa mama mkwe ulishapita kati yangu na mwanangu.

Akamchomoa. Jamani... akamchomoa mtoto akiwa ananyonya! Maziwa yakamwagikia kanga yangu mbele ya jumuiya nzima.

Ndiyo, jumuiya. Majirani walikuja kusali nyumbani kwetu Gehandu, wakakuta kesi.

"Mama, nimefanya nini?"

"Unaniuliza mimi? Muulize Sylvester wa mashine!"

Naitwa Judica. Najua humu mko wengi mnaosoma na kupita kimya kimya. Leo usipite, mwenzenu nina jambo.

Mwanangu Bura alikuwa na miezi minne. Alizaliwa kibonge, mashavu yanacheza. Ghafla akaanza kuharisha. Leo nafuu, kesho vilevile. Shingo ikawa nyembamba, macho yakaingia ndani.

Na huku kwetu mtoto anayenyonya akikonda, watu hawaulizi amekula nini. Wanauliza mama yake amelala wapi.

Wanasema amebemendwa. Yaani mama ametoka nje ya ndoa, maziwa yameharibika, mtoto anakunywa dhambi ya mama yake. Wengine wanasema hata mumewe akimgusa kabla mtoto hajaacha ziwa, ni yale yale.

Aliyesimama kutoa ushahidi alikuwa wifi yangu Agatha. Ameachika, amerudi kwao, na ndiye niliyekuwa namwachia mtoto nikienda kupalilia alizeti.

"Mimi nimemwona kwa macho yangu," akasema. "Amepakiwa na Sylvester kwenye pikipiki, amemshika kiuno!"

"Mvua ilikuwa inanyesha, wifi! Nilikuwa natoka kusaga, nina debe la unga!"

"Debe la unga linashikwa kiunoni kwa mwanaume?"

Watu wakacheka. Mwanangu analia mikononi mwa bibi yake, watu wanacheka!

Nikamgeukia mume wangu.

"Emanuel, sema kitu."

Anaangalia viatu vyake.

"Baba Bura! Sema kitu!"

"Judica... nenda kwenu kwanza. Mambo yapoe."

Eti mambo yapoe! Mkumbuke hivyo viatu, tutavirudia.

Nikanyoosha mikono nimchukue mtoto. Mama mkwe, Bernadina, akarudi nyuma.

"Mtoto anabaki. Maziwa ya ng'ombe yapo. Hilo ziwa lako lenye sumu nenda nalo!"

Niliondoka na mfuko wa nguo na kifua kimejaa. Ndani ya basi nikaapa kwa sauti, abiria wakanigeukia.

"Bernadina, shikamoo yangu umeipata ya mwisho leo!"

Kama hutoki huku hutanielewa. Unaweza kumnyima mtu mzima chakula akanyamaza. Mnyime shikamoo uone, kikao kitaitwa mpaka na wajomba. Mimi nilikuwa tayari kwa kikao.

Nikarudi kwa mama yangu, Bashay, wilaya ya Mbulu. Nikampigia Emanuel, akanipa bloku. Nikapiga kwa simu ya mama. Bloku!

Najua mnataka kuuliza kwa nini sikwenda ustawi wa jamii. Nilikwenda, tena walinisikiliza vizuri, wakapanga kumwita Emanuel wiki inayofuata. Lakini kwa mtoto anayeharisha, wiki inayofuata ni mbali sana.

Na maziwa nayo hayajui kama umefukuzwa. Yanakuja kwa saa zake. Yanajaa, yanauma, yanalowesha blauzi ukiwa kanisani. Nikaenda zahanati.

Nesi pale anaitwa Kissa, mtu wa Mbeya, mdomo wake hauna breki.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Mtoto yuko wapi?"

Nikamsimulia yote. Alinitazama kama naongea kichina.

"Wamemtoa mtoto wa miezi minne ziwani kwa sababu ya pikipiki?"

"Nesi, nataka dawa ya kukausha maziwa. Yananiuma."

"Sikupi! Yakikauka, mtoto akirudi atakuta nini? Kamua saa zote anazonyonya mtoto. Kadiri unavyoyatoa ndivyo yanavyokuja."

"Lakini wanasema yameharibika..."

"Maziwa hayaharibiki kwa kulala na mtu, mdogo wangu. Mtoto akikonda anaumwa, au kuna kitu anapewa. Ukienda shamba nani anabaki naye?"

Jina lilikuja lenyewe mdomoni, nikalimeza.

Kuanzia siku hiyo nikawa nakamua. Najifungia jikoni kwa mama, nainamia kikombe, na kila tone nataja jina.

Bernadina. Agatha. Emanuel. Bernadina. Agatha. Emanuel.

"Mwanangu, unasali?" mama ananiuliza nje ya mlango.

"Ndiyo, mama. Nasali."

Nilikuwa nawaombea mabaya, nisiwadanganye. Niliota Bernadina amekuja kunipigia magoti, nami namfungia mlango usoni. Nilikuwa naamka nacheka.

Ndoto ikaja kweli, mchana kweupe, kabla hata siku ya ustawi haijafika.

Nilikuwa uani nachambua vitunguu swaumu na mama. Nikasikia hodi. Nikainua macho... Bernadina! Peke yake, vumbi mpaka kwenye kope, mgongoni amebeba kitu kidogo kimefunikwa kitenge.

"Judica, mkwe wangu... umeshindaje?"

Mtu mzima ameanza kunisalimia mimi! Nilimkazia macho tu.

Mama yangu akakurupuka, "Karibu, mama Emanuel, karibu! Judica, lete kigoda!"

"Asikae."

"Judica!"

"Nimesema asikae, mama! Mtoto aingie. Yeye abaki hapo hapo juani!"

Mama akashika mdomo. Hakuwahi kunisikia hivyo, hata mimi sikujua nina sauti ile.

Nikafungua kitenge. Jamani, jamani... Bura wangu alikuwa mwepesi kama nguo iliyokauka. Midomo imepasuka. Analia lakini machozi hayatoki.

Nikaingia naye ndani, nikampa ziwa.

Akageuza uso.

Nikajaribu la pili. Akageuza tena!

Hapo ndipo nilipovunjika. Nikawaza, wamemsahaulisha mwanangu ziwa. Wamefanikiwa.

Nikakamua kidogo, nikamdondoshea mdomoni. Tone la kwanza. La pili. Akalamba. Akanitazama, akanitazama sana... kisha akafungua mdomo akakamata mwenyewe!

Nililia mpaka mama akaja kunishika mabega. Yale maziwa niliyoyatunza kwa hasira yalishuka yote, na mwanangu aliyameza kwa sauti.

Bernadina bado amesimama nje. Sikumjali. Akaongea kwa kupitia mlangoni, taratibu.

"Judica. Mtoto wangu wa kwanza naye aliitwa Bura."

Nilijua ni jina la ukoo tu. Hakuna aliyewahi kuniambia.

"Alikonda akiwa ananyonya. Mama mkwe wangu akasema nimembemenda. Wakamtoa ziwani, kama nilivyokutoa wewe. Akafia mikononi mwao. Sikuwahi kutoka nje ya ndoa, Judica. Lakini walisema sana, mpaka nikaamini ni mimi niliyemuua."

Mama yangu akakaa chini.

"Juzi nikamtazama huyu. Ziwa lako halipo, na bado anaisha. Nikajiuliza, sasa kinachomuua ni nini? Nikapekua nyumba nzima."

Akatoa kitu kwenye mfuko.

Chupa ya kunyonyeshea. Chuchu yake imekuwa nyeusi kwa ndani, chini kuna ukoko wa uji wa kijani. Harufu ilifika mpaka kitandani.

"Nimeikuta nyuma ya magunia ya mahindi. Nikambana Agatha. Anasema alikuwa anampa maji na uji mwepesi ukienda shamba. Tangu kabla hajaanza kuumwa, mpaka juzi."

Kwa hiyo tumbo linajazwa maji machafu, nikirudi mtoto hataki kunyonya. Anaharisha, anakonda. Na Agatha alipoona kimenuka, akatutwisha mimi na Sylvester!

Nikamwambia mama, "Mpe kigoda."

Kigoda tu. Shikamoo sikumpa.

Tukampeleka Bura zahanati saa ile ile. Kissa alipomwona hakusalimia mtu, alianza kazi. Akampa maji ya ORS na dawa, akaniambia nisiache kumnyonyesha hata dakika. Ndipo akamgeukia Bernadina.

"Bibi, wewe ndiye uliyemtoa ziwani?"

"Ni mimi."

"Ungechelewa kidogo, ungekuja na jeneza."

Bernadina akainamisha kichwa. Nilipaswa kufurahi, si ndiyo? Nilifurahi kidogo, sitaficha.

Bura akarudi mtu. Kwanza macho, kisha mashavu, kisha kelele. Bernadina alikuwa haondoki pale kwa mama yangu, anafua nepi, ananipikia uji wangu. Siku moja akaniuliza kwa woga, "Mkwe, turudi nyumbani?"

"Nitarudi. Lakini siku ya jumuiya ikiwa kwetu. Mbele ya watu wale wale."

Na siku ilifika.

Tukaingia wakati wanamaliza kusali. Mimi na Bura mgongoni, mnene, anacheka na kila mtu. Bernadina nyuma yangu. Emanuel akasimama, akakaa. Agatha akatafuta mlango kwa macho.

Nikaweka chupa juu ya meza. Sikuwa nimeiosha. Nikamimina maji ndani, nikatikisa, nikamsogezea Agatha.

"Kunywa, wifi."

"Nini hii?"

"Unaijua. Si ulimnywesha mwanangu? Kunywa."

"Judica, nakuomba..."

"Kunywa! Ziwa langu ndilo lenye sumu, hii ni safi. Kunywa mbele ya watu!"

Watu wakanyoosha shingo. Mmoja akaona ndani ya chupa, akaziba pua. Bernadina akasema kwa sauti, "Niliikuta nyumbani kwangu. Binti yangu ndiye aliyekuwa anamlisha."

Agatha akaisukuma chupa. Akalia. Kisha akalipuka!

"Mbona mimi tu? Muulizeni aliyeinunua! Emanuel ndiye aliyeileta kutoka Katesh!"

Wee!

"Mwongo!" Emanuel akapaza sauti.

"Ulisema umechoka kulala peke yako! Ulisema ukimgusa mke anayenyonyesha watasema mtoto amebemendwa, basi dawa ni mtoto aache ziwa mapema! Ukaniambia nimzoeshe chupa kimya kimya. Alipoanza kuumwa nikakufuata, nikakuambia. Ulisema nini, kaka? Ulisema nisikutaje!"

Nikamtazama Emanuel. Na yeye... mnakumbuka? Anaangalia viatu vyake.

"Emanuel. Ulijua?"

"Sikujua ataumwa, mke wangu..."

"Ulijua maziwa yangu hayana kosa! Ulijua sijatoka nje! Ukakaa hapo hapo, ukaacha mama yako anichomolee mtoto, ukaacha watu wanicheke!"

Safari hii hakuna aliyecheka. Sylvester alikuwa amekaa nyuma na mke wake, ambaye kumbe alikuwa hamsemeshi tangu siku ile. Nikaona mkewe anamshika mkono.

Nilikuwa na maneno mengi ya kumpiga nayo Emanuel. Nilikuwa nimeyakamua na maziwa siku zote zile. Lakini Bernadina alinitangulia.

"Emanuel, funga nguo zako."

"Mama?"

"Funga nguo zako. Uondoke."

"Mama, hii ni nyumba yangu!"

"Hii nyumba niliijenga na marehemu baba yako, udongo wake nimeukanyaga mimi, wewe ukiwa tumboni. Nilimzika Bura mmoja kwa uongo wa watu. Wa pili ulitaka nimzike kwa uongo wako! Ondoka. Mambo yapoe."

Jamani! Mambo yapoe! Kuna mama mmoja alipiga kigelegele, akazibwa mdomo na mwenzake.

"Na wewe, Agatha, huendi popote. Jembe liko pale. Utapalilia alizeti ya Judica mpaka mtoto atakapokuwa mkubwa. Yeye atakaa anyonyeshe."

Emanuel akatoka na mfuko wa nguo, kama nilivyotoka mimi. Hakuna aliyemsindikiza.

Nikamsogelea Bernadina. Nilikuwa nimeapa, ndiyo. Lakini kiapo kile nilikuwa nimempa mtu mwingine, si huyu mwanamke aliyesimama mbele yangu.

"Shikamoo, mama."

Akamshika Bura mguu, ndipo akasema, "Marahaba, mwanangu."

Dada yangu unayesoma hapa, na wewe kaka usijifanye haikuhusu: miezi sita ya kwanza ni ziwa la mama tu. Hata maji, hapana. Hata uji wa bibi, hapana. Mama anyonyeshe, wengine mshike jembe. Na mtoto akikonda mpelekeni kituo cha afya, msimpeleke mama yake kwenye kikao.

Mtaniuliza kama nimemsamehe Emanuel. Amepanga chumba Katesh. Kila Jumapili baada ya misa anakuja, anasimama nje ya geti, juani, viatu vimejaa vumbi.

"Mama, nimekuja kumwona mtoto."

"Subiri," anasema mama yake kutoka uani. "Ananyonya."

"Anamaliza saa ngapi?"

Mama mkwe ananigeukia. Mimi namtazama Bura. Ameshalala zamani, tumbo limejaa, ziwa ameliachia mwenyewe.

"Mwambie bado," nasema.

"Bado!"