Kamera ya Ronny

SAA MBILI NA ROBO ASUBUHI

Gibson alichora barabara kwa chaki kwenye sakafu.

"Hii ni Nyamira. Hii Kebirigo. Lori linatoka Kisii saa tano, limejaa simu mpya mpaka mlangoni. Dereva yuko peke yake. Ukishapita Kebirigo kuna hii kona. Majani chai huku, majani chai huku. Hapo ndipo tunakula."

Walikuwa wanne katika chumba cha nyuma cha kibanda cha Momanyi, fundi wa simu na redio pale Kisii, karibu na soko la Daraja Mbili. Mbele kulikuwa na wateja wa chaja. Nyuma kulikuwa na kazi yenyewe.

"Ronny anavaa fulana inayong'aa ya watu wa barabara, anasimamisha lori. Mimi napanda kwa dereva na bastola. Nyanchoka anangoja na gari letu, ile Probox, kwenye njia ya shamba. Momanyi, wewe uko kilimani na droni. Ukiona karao, polisi yeyote, sema. Ukinyamaza, tunaingia," Gibson alisema.

Momanyi aliitazama ile chaki. Mwaka jana nafasi ya barabarani ilikuwa yake. Kisha akavunjika kifundo cha mguu akiruka ukuta huko Keroka, mguu ukapona vibaya, na Gibson akamleta Ronny kutoka Nakuru. Ronny alikuja na droni, viatu vyeupe na kicheko. Kicheko ndicho kilichomkera Momanyi. Nyanchoka, mpenzi wake, alikuwa ameishi naye miaka miwili katika chumba kimoja, na Momanyi hakukumbuka lini mara ya mwisho yeye alimchekesha kama Ronny alivyomchekesha.

"Kuna shida," Ronny alisema. "Kamera haiwaki."

Aliiweka droni mezani, akaiwasha. Mapanga yake ya kurukia yalizunguka. Kamera ilining'inia chini ya tumbo, imeinamisha kichwa. Skrini ya rimoti ilikuwa nyeusi tititi.

"Betri hiyo," Ronny alisema.

"Mapanga yanazunguka. Betri ingekufa, yangezungushwa na nini?" Momanyi aliuliza.

Nyanchoka alitabasamu. Lakini alimtabasamia Ronny, kama mtu anayemwonea huruma.

SAA TATU KASORO DAKIKA KUMI

Momanyi alianza na mambo rahisi. Alibadilisha betri, akaitazama skrini. Nyeusi. Alisugua meno ya shaba ya betri kwa pamba na spiriti. Nyeusi. Alifungua skrubu sita na kuinua gamba la juu, akaweka ncha za mita ya umeme kwenye bodi ya ndani.

"Umeme unafika hapa." Akahamisha ncha moja hadi mwisho wa ule waya bapa unaoenda kwenye kamera. Mita ikasoma sifuri. "Hapa haufiki."

"Maana yake?" Gibson aliuliza.

"Maana yake unapotelea njiani."

Aliuweka waya chini ya kioo cha kukuzia. Pale ulipokunjwa palikuwa na ufa mwembamba kuliko unywele. Aliuona peke yake. Wengine walikuwa nyuma yake, na alisikia Nyanchoka akimnong'oneza Ronny jambo, Ronny akicheka puani.

Angesema imekufa, Ronny angebaki na nini? Viatu.

Lakini alitaka Nyanchoka aone. Alikwangua ngozi ya waya pande zote mbili za ufa, akachukua uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye spika kuukuu, akaulehemu juu ya ufa huku amezuia pumzi.

Aliwasha. Kamera ilitetemeka, ikainua kichwa. Uso wa Gibson ukajaa kwenye skrini.

"Eh! Imeamka!" Nyanchoka alipiga makofi, akamshika Ronny bega. "Ronny, droni yako imepona!"

Momanyi alikung'uta pasi ya kulehemu na kuirudisha mahali pake.

SAA SITA KASORO ROBO

Kutoka kilimani, kona ilionekana yote. Momanyi alikaa juu ya jiwe, rimoti mapajani, sikioni simu iliyowaunganisha wote wanne kwa laini moja. Droni ilikuwa juu kabisa, haisikiki.

Aliisogeza kamera. Gibson kwenye mtaro. Probox kwenye njia ya shamba, mita mia mbili nyuma, imeelekeza pua barabarani. Kando ya Probox, watu wawili.

Akakuza picha.

Nyanchoka alikuwa akimfunga Ronny fulana. Alifunga zipu hadi shingoni, polepole, kisha akauacha mkono pale kifuani. Ronny aliinamisha kichwa, akamwambia kitu. Mkono haukutoka.

Sikioni hakusikia neno; kumbe walikuwa wamezima maikrofoni za simu zao.

Momanyi aliigeuza kamera upande wa Ikonge, kule lori lilikokuwa likielekea, ili asiwatazame, na ndipo akaziona: Land Cruiser mbili za polisi zimejificha nyuma ya kituo cha kununulia majani chai, na wanaume wenye bunduki wamechuchumaa ukutani. Mtu alikuwa ametoboa siri. Hakujua nani.

"Momanyi," Gibson alisema sikioni. "Lori limepita Kebirigo. Vipi huko?"

Alipiga hesabu haraka. Ronny angekuwa katikati ya lami. Gibson angejitafutia njia. Nyanchoka alikuwa nyuma, na njia ya shamba ilitokea upande wa pili, wazi kabisa. Angesikia risasi moja, angeondoka.

"Momanyi! Kuko aje?"

"Kuko sawa," alisema. "Ingieni."

SAA SITA NA DAKIKA MBILI

Lori lilisimama mbele ya mkono wa Ronny. Gibson aliruka kutoka mtaroni. Hakufika mlangoni. Land Cruiser ya kwanza ilikata kona, na Momanyi akaona moshi mdogo kabla sauti haijapanda kilimani. Gibson alilala kifudifudi, mikono kichwani. Ronny alikimbilia kwenye majani chai, akaanguka, akashika paja.

"Toka, Nyanchoka!" Momanyi alipiga kelele. "Rudi nyuma! Nyuma kuko wazi!"

Probox ilinguruma. Ikaenda mbele.

Ilimpita Gibson bila kupunguza mwendo, ikasimama kando ya Ronny. Nyanchoka alishuka, akamshika kwapani, akamvuta. Alikuwa bado anavuta polisi walipomzunguka.

Simu ilikuwa bado hewani, na sasa sauti ya Nyanchoka ilisikika.

"Momanyi." Alikuwa akihema. "Uliwaona?"

Momanyi aliisogeza kamera mbali naye, kisha akairudisha.

"Uliwaona, na ukasema kuko sawa."

Kwenye skrini, Nyanchoka aliinua mikono yote miwili kama alivyoamriwa. Kisha kidole kimoja kikanyooka kuelekea angani. Kofia za polisi ziligeuka juu, moja baada ya nyingine.

Rimoti ilianza kulia. Betri ilikuwa imebakisha kidogo, na droni iligeuka yenyewe kurudi ilikorushwa. Momanyi alibonyeza, akavuta, haikumsikiliza. Land Cruiser ya pili iliacha lami na kuifuata.

Alisimama, akapiga hatua tatu kwa ule mguu mbovu, akakaa tena. Kwenye skrini yalipita majani chai, mapaa ya mabati, migomba, kisha kilima, na mtu mmoja juu ya jiwe, akizidi kuwa mkubwa.