Kufuli la Profesa Chenge

Lori la minofu lilikutwa Jumanne asubuhi, Novemba 1998, kando ya barabara ya Shinyanga, mbele kidogo ya njia panda ya Usagara. Milango ya nyuma ilikuwa wazi na maji ya barafu yalikuwa yakichuruzika mtaroni. Dereva wake, Masele, alikuwa amefungwa kamba kwenye usukani, bega la kulia limechanwa kwa panga. Maboksi yote ya sangara yaliyokuwa yakienda bandari ya Dar es Salaam hayakuwepo.

Inspekta Wilhelmina Masalu alilizunguka lori polepole. Hakuwa mtu wa pupa; wenzake kituoni walimtania kwamba hata chai huihoji kwanza ndipo ainywe. Aliyaona mawe makubwa yaliyopangwa barabarani, na kichakani akakuta mikeka iliyolaliwa na vichungi vya sigara chungu nzima. Wavamizi hawakubahatisha. Walikuja mapema, wakajilaza, wakamsubiri Masele.

Hilo ndilo lililomkosesha raha, kwa sababu lori lile halikuwa na kawaida ya kupita Usagara. Kila safari lilitoka kiwandani Nyakato likashika barabara ya Musoma kwenda Sirari, mpaka Nairobi. Jumatatu jioni tu ndipo mwenye kiwanda, Bwana Mihayo, alipochoshwa na foleni za mpakani, akaamua mzigo uende Dar. Masele mwenyewe aliambiwa njia mpya akiwa ameshawasha injini.

"Sikushuka hata kununua maji, afande," alisema akiwa kitandani hospitalini. "Ningemwambia nani?"

"Mtu anaweza kukubali kukatwa ili asishukiwe."

"Mkono wa kulia, afande? Mimi dereva!"

Daktari alikuwa ameshamwambia Wilhelmina kwamba mkono ule ulinusurika chupuchupu. Alimwamini Masele, akaenda Nyakato.

Ofisini kwa Mihayo maelezo yalikuwa mafupi na ya hasira. Njia mpya ilijulikana kwake na kwa karani wake, Nusrat, binti wa Kirumba. Nusrat ndiye aliyeiandika kwenye ukurasa wa kiwanda katika intaneti ili wanunuzi wa Ulaya wajue mzigo wao unapita wapi. Ukurasa huo ulikuwa na kufuli: huingii mpaka uandike neno la siri, na neno hilo walikuwa nalo Mihayo, Nusrat na wanunuzi wenyewe, basi.

"Mimi siwezi kujiibia, na Wazungu hawawezi kuja Usagara na mapanga," Mihayo alisema. "Sasa nani amebaki?"

Aliyetengeneza ukurasa alikuwa Alexander Chenge, kijana mtanashati mwenye darasa la kompyuta mjini. Mwanza nzima ilimwita Profesa, naye aliitika. Aliandika maelezo yake kwa mwandiko mzuri na kuyatia sahihi: kufuli lile amelitunga mwenyewe mstari kwa mstari, na bila kuambiwa neno na mtu anayelijua, hakuna awezaye kuingia.

Jioni ile Nusrat alilala mahabusu. Mkuu wa upelelezi alitaka afikishwe mahakamani Jumatatu kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, kosa lisilo na dhamana, na akipatikana na hatia ni miaka thelathini. Wilhelmina alipolifikiria hilo alijisikia vibaya, maana ushahidi wote uliosimama dhidi ya binti yule ulikuwa ni kwamba hakubaki mwingine wa kushukiwa.

"Ulimwambia nani?" alimuuliza Jumatano.

"Sikumwambia mtu, afande."

"Hata kwa kuropoka? Sokoni? Nyumbani?"

"Nyumbani nikianza habari za kompyuta mama yangu anasinzia." Nusrat alijaribu kutabasamu, ikashindikana. "Afande, ningekuwa nimeuza siri, si ningekimbia? Jumanne nilikuwa mezani kwangu kama kawaida. Nyie ndio mlinikuta."

Kwenye kaunta ya kituo alikuwepo mama yake, Bi Mboni, ameshika kikapu cha chakula.

"Shikamoo, mama," Wilhelmina alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Sina la kukwambia. Ila ujue huku mtaani wameshamhukumu. Hata huyo mnayemtafuta akipatikana kesho, wapo watakaosema ndiye mwenzake."

Wilhelmina alimpokea kikapu, akakipeleka ndani kwa mkono wake.

Alhamisi alirudi Nyakato kuliona hilo kufuli. Yeye kompyuta alizijua kwa kuzipita tu madirishani. Chenge, aliyekuwa ameitwa aje kulionyesha, alimvutia kiti, modemu iliyounganisha kompyuta na laini ya simu ikalia na kukoroma, na baada ya kusubiri sana ukurasa ukajitokeza: picha ya ziwa, jina la kiwanda, na kisanduku cha kuandika neno.

"Andika lolote, afande. Jaribu kuniibia."

Wilhelmina aliandika jina la marehemu bibi yake. Papo hapo kikatokea kibao: *Neno si sahihi.*

"Umeona?" Chenge alicheka kwa furaha ya kweli. "Hiyo ndiyo JavaScript. Zamani ukurasa wa intaneti ulikuwa kama gazeti, unasoma basi. Sasa wako watu huko nje wanaandika programu ndogondogo, ukurasa unakuwa na akili. Unakusalimia, picha inabadilika ukiigusa, fomu inakukatalia ukikosea kuijaza. Kila siku wanavumbua kitu. Na hapa Mwanza ni mimi."

"Ulijifunza kwao?"

"Kujifunza nilijifunza. Lakini kuazima, hata mstari mmoja sijaazima."

Mara taa ya modemu ikazimika. Laini ya simu ilikuwa imekatika. Chenge alisonya, akatoka kwenda kumsumbua mtu wa simu, na Wilhelmina akabaki peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Kwa kukosa la kufanya aliandika neno jingine.

*Neno si sahihi.*

Akaandika la tatu. Jibu lilikuwa lile lile, na lilikuja upesi kama mwanzo.

Wilhelmina aliegemea kiti. Laini imekatika, hakuna kinachotoka wala kinachoingia humu chumbani. Sasa hili dubwana limeuliza kwa nani kama nimekosea? Aliwaza mlinzi wa geti ambaye bosi wake hapatikani, naye bado anajua nani wa kumrudisha. Mlinzi huyo lazima ameshaambiwa kila kitu mapema. Basi na neno sahihi lilikuwa limeshafika humu pamoja na ukurasa wenyewe, na kila aliyeufungua alikuwa amepelekewa.

Chenge aliporudi alimuuliza kwa upole, "Profesa, hilo neno sahihi linakaa wapi hasa?"

Kijana alisita. "Linakaa... huko ng'ambo, afande. Kwenye kompyuta kubwa."

"Na sasa hivi tumeunganishwa nayo?"

"Tulikuwa tumeunganishwa," Chenge alisema, akaizima kompyuta bila kuambiwa na mtu.

Ijumaa Wilhelmina alimtafuta Suzana Mayala, aliyekuwa akishughulikia mtandao wa shirika moja la misaada mjini. Suzana aliufungua ukurasa wa kiwanda, akachagua amri moja, na tumbo la ukurasa likaonekana: mistari na mistari ya maandishi. Katikati, bila hata kufichwa, lilikaa neno la siri. Lilikuwa *sangara*.

"Mungu wangu," Wilhelmina alisema. "Na hili anaweza kuliona nani?"

"Yeyote anayejua pa kubofya. Programu za namna hii zinafanya kazi kwenye kompyuta ya msomaji, kwa hiyo lazima apelekewe zote. Hivyo ndivyo sisi sote tunavyojifunza, kwa kuchungulia kazi za wenzetu." Kisha Suzana alikunja uso, akarudi juu kabisa. "Ila hapa pamefutwa kitu, afande. Ona nafasi hii tupu. Watu wanaogawa programu zao bure huandika jina lao mwanzoni, na masharti ni hayo tu: chukua, tumia, jina langu usiliondoe. Na hili kufuli mimi nalijua. Mwenyewe ni mama mmoja wa Norwei, Marit Solvang. Kila anayetengeneza kurasa siku hizi amejifunza kitu kwake."

Alimtafutia kufuli la asili. Juu yake palikuwa na jina la yule mama, na chini ya jina maneno ambayo Suzana aliyatafsiri polepole: kufuli hili ni la mazoezi, neno la siri linaonekana na kila mtu, usilitumie kufungia jambo linaloweza kumdhuru mtu.

Wilhelmina aliomba yasomwe tena. Mama wa Norwei asiyeijua Usagara wala Masele alikuwa amewaonya, na mtu mmoja hapa Mwanza alikuwa amelifuta onyo pamoja na jina.

Mchana huo aliwasimamisha wanafunzi wa Chenge mlangoni mwa darasa. Walimwambia bila kusita: wiki iliyopita Profesa aliwafungulia ukurasa wa kiwanda, akawaonyesha maandishi ya ndani ili waone ufundi wake. Wengi walikuwa vijana waliomaliza shule. Mtu mzima alikuwa mmoja, Ngosha, mwenye malori, aliyebeba samaki wa Mihayo mpaka Mihayo aliponunua lori lake mwenyewe.

Jumamosi asubuhi askari walifukua barafu katika stoo ya Ngosha huko Kirumba. Maboksi ya kiwanda yalikuwa chini, lebo zimebaki.

Saa nne Wilhelmina aliwakalisha wote chumbani kwake: Ngosha na pingu zake, Mihayo, Chenge, na Nusrat aliyetolewa mahabusu, macho yamevimba.

"Nimekubebea samaki tangu huna hata ofisi," Ngosha alimwambia Mihayo kabla hajaulizwa. "Ukaja kunifukuza getini mbele ya matingo wangu wa malori. Nilitaka hilo lori lako jipya likutie aibu, unirudie. Kila siku nilikuwa naangalia kwenye kompyuta za mjini linapita wapi. Dereva sikuwatuma wamkate."

"Na yale mapanga uliwapa ya kulimia?" Wilhelmina aliuliza. Ngosha akatazama sakafu.

Kisha Wilhelmina akamgeukia Chenge. "Kufuli ni la Marit Solvang. Onyo lake ulilisoma?"

Chenge alijaribu kuanza sentensi mbili, zote zikamshinda. "Nililisoma."

"Ukalifuta."

"Nilikuwa nafuta jina, afande. Onyo lingeachwa, kila mtu angejua si kazi yangu."

"Na ulijua lini kwamba aliyefungua ni Ngosha?"

"Sikuwa na uhakika..."

"Lini, Alexander?"

"Jumanne mchana, niliposikia habari za Usagara. Nilikumbuka alivyokuwa akinakili darasani." Sauti yake ilikuwa imeshuka kabisa. "Afande, baba yangu ni mchunga ng'ombe Misungwi. Hajui kompyuta ni nini, lakini mnadani ananiita Profesa mbele ya wenzake. Ningemwambia nini? Kwamba nilichukua kazi ya mtu?"

"Ungemwambia ulichukua kitu kilichotolewa bure, ukakifikisha Mwanza kabla ya mtu mwingine yeyote. Angejivunia vile vile. Wewe ukaona afadhali mtoto wa mwenzako afungwe." Wilhelmina aliyavuta maelezo ya kijana yule mezani. "Maelezo uliyotia sahihi ni ya uongo, na kwa hayo utashtakiwa. Nusrat, uko huru. Kiwanda kitakuomba radhi."

Mihayo alikohoa, akasema kazi yake ipo, arudi hata Jumatatu. Nusrat hakumtazama. Alikuwa akimwangalia Chenge.

"Juzi uliniletea mkate kule ndani," alisema. "Ulikuwa unajua?"

Chenge hakuinua uso. "Nilikuwa najua."

"Niligawana na wenzangu. Halafu nikakuombea dua. Nilimwambia Mwenyezi Mungu, huyu peke yake ofisi nzima ndiye anayeniamini."

Chenge alianza kulia, na chumbani hakuna aliyemnyamazisha. Nusrat alijitanda mtandio wake vizuri, akatoka nje alikokuwa akingojewa na mama yake.