Kinanda Kilichojipigia Chenyewe

Sogeeni jamani, nafasi ipo. Mambo ya nyumba ya Apolinari pale Mtoni wengi mliyasikia nusunusu. Mie ukuta wangu na wake ni mmoja.

Ilikuwa nyumba tulivu. Apolinari karani wa bandarini, mkewe Adelina muuza vitenge, na binti yao Clara yuko darasa la sita. Clara alikuwa akifundishwa kinanda kanisani na dada Yuliana, na akirudi utamkuta mlangoni anapiga vidole juu ya ungo kama vile ungo unalia. Mkono wa kulia ulishajua njia. Wa kushoto bado unatambaa.

Mara Yuliana akaolewa Mwanza. Pasaka inakaribia, kanisa halina mpigaji. Apolinari akasema, "Mwanangu atapiga. Namnunulia kinanda ajifunzie nyumbani."

Enzi zile biashara ilikuwa imeachiwa huru, maduka ya Kariakoo yamefurika bidhaa. Muuzaji akamwonyesha kinanda kidogo, cha umeme na betri. "Kwa anayeanza, mzee, hiki kinamtosha."

"Hicho cha kuchezea watoto! Nipe kile."

Kile kilikuwa kirefu kama jeneza, batani zimekitapakaa kama upele.

"Baba Clara, mtoto mwenyewe umemuuliza?" Adelina alisema kilipoingia ndani.

"Atakizoea."

Nasi majirani, si mnatujua? Tukajaa kutoa hongera. Apolinari akabonyeza batani moja: ngoma, zumari, magitaa, vyote vikalia bila mtu kugusa. Vigelegele! Kesho tena, keshokutwa tena. Sie sebuleni, Clara jikoni anatuchemshia chai. Tukiondoka, umeme nao unakatika, maana ulikuwa mwaka wa mgao, na kinanda kile hakikutumia betri. Umeme ukirudi, vibao vyake vizito, vidole vya mtoto vinachoka. Akigusa batani siyo, ngoma zinaanza kumkimbiza.

Siku moja Didas, mwalimu wa kwaya, akapita njiani akasikia muziki dirishani. "Kumbe Clara kaiva!" Jumapili akamtangaza: misa ya Pasaka atapiga Clara, peke yake.

Mtoto akaacha kula. Mama yake alipombana, akaangua kilio. "Mama, si mie. Kinajipigia chenyewe!"

Adelina hakungoja. Akamwita Mbwana, jirani yetu mpigaji wa kikundi cha taarabu. Mbwana akakaa, akakichezesha kinanda kile mpaka tukasahau chai.

"Jirani," akamwambia Apolinari, "hiki chombo cha ukumbi wa harusi. Mie ndicho ninachokitafuta. Mtoto mpe changu kidogo nilichojifunzia: vibao vyepesi, betri kinatumia. Tubadilishane."

"Watu watasema nini?"

Adelina akadakia, "Watasema siku ya Pasaka, mwanao akikwama mbele ya padri."

Apolinari akainamisha kichwa. Mbwana akacheka. "Naongeza na hili: siku Clara akiolewa, kikundi chote kinakuja bure."

"Wa darasa la sita ushamwoza?" Adelina akauliza.

"Naweka nafasi tu, shemeji!"

Wakabadilishana. Adelina akatufungia mlango: "Karibuni baada ya Pasaka." Iliniuma, lakini ukuta hauna mlango, sikio nikaliweka. Mkono wa kushoto nikausikia unachechemea, halafu unatembea. Umeme ukatike, usikatike, mtoto yumo.

Pasaka ikafika. Clara akapiga taratibu, bila ngoma wala zumari. Mahali pamoja mkono wa kushoto ulichelewa. Kwaya ikamngoja, ukafika, wakaendelea pamoja. Apolinari kalia waziwazi, sikusimuliwa.

Jioni mlango ukafunguliwa, nyumba ikajaa pomoni. Mmoja wetu akaropoka, "Baba Clara, bonyeza basi tusikie!"

"Hiki hakijipigii," akajibu Apolinari, anatabasamu. "Ngojeni mwenyewe amalize kula."

FUNDISHO

Ndugu zangu, chombo hununuliwa kwa kipimo cha mkono wa atakayekitumia, si kwa macho ya wageni. Mwanao anaanza? Mpe cha kuanzia, na hivyo vikubwa waachie kina Mbwana. Nasi majirani, tukienda kutoa hongera tuuangalie mlango wa jikoni: huenda tunayempongeza yuko huko, anatuchemshia chai.