Maziwa Yaliyopikwa na Jua

Kila siku alfajiri, kabla mitumbwi ya wavuvi haijafika kwenye ufuo wa Baraka, Mama Chérie alikuwa amekwisha kujifunga kitenge cha kazi na kushika njia ya ziwani. Huko alinunua ndagala wabichi, wale dagaa wa ziwani, akawatandaza mchangani juu ya nyavu kuukuu, kisha akawageuza na kuwafukuzia ndege mpaka wakauke. Mumewe, Casimir, alikuwa mbali kwenye machimbo ya Misisi, na habari zake zilifika kwa nadra. Nyumbani alibaki Clarisse, msichana wa miaka kumi na miwili aliyesoma zamu ya mchana, pamoja na nyanya yake, Koko Dorothée, na mdogo wake Placide, mtoto wa miezi mitatu.

Clarisse alikuwa na bidii. Mama yake alipoondoka, alifagia ua, akaosha vyombo, kisha akapika uji mwepesi wa unga wa muhogo kama Koko alivyomfundisha. Alimlaza Placide mapajani, akakunja kiganja chake kama bakuli chini ya mdomo wa mtoto na kumwaga uji humo kidogo kidogo. Mtoto alipogeuza kichwa, Clarisse aligeuza mkono pia, mpaka uji ukaisha.

Mama Chérie aliporudi, kifua kilikuwa kimejaa maziwa na kinamuuma. Hata hivyo, hakumshika mtoto kwanza. Alipita nyuma ya jiko, akainama, akayakamua maziwa yake chini kwenye majivu. Wanawake wa ndagala aliofanya nao kazi walifanya vivyo hivyo. Waliamini kwamba maziwa ya mama aliyeshinda juani hupikwa ndani ya kifua, na kwamba maziwa yaliyopikwa humharibu mtoto tumbo.

"Mwaga yote," Koko alimsisitizia mkwewe. "Maziwa ya jua si ya mutoto. Uji ndiyo utamukomaza."

Basi Placide alinyonya kidogo jioni, tena akiwa ameshiba uji, na maziwa ya mama yake yakaanza kupungua. Mtoto akilia, Koko alisema ni njaa, na uji ukaongezwa.

Baada ya muda Placide alianza kuharisha. Koko alimtazama mama yake Clarisse kwa hasira. "Haukumwaga maziwa vizuri. Sasa acha kabisa kumunyonyesha mpaka apone."

Mama Chérie alitii. Clarisse naye aliongeza bidii. Alipika uji alfajiri, akaurudia kabla ya adhuhuri, na katikati akamnywesha mtoto maji yenye sukari. Kadiri alivyomlisha, ndivyo Placide alivyozidi kukonda. Shingo yake ikawa nyembamba, ngozi ya mapaja ikalegea. Clarisse alidhani kosa lilikuwa lake, kwamba hakumlisha vya kutosha, kwa hiyo akaacha kwenda shuleni.

Siku moja Eddy, mwanafunzi mwenzake, alisimama kwenye ua wa matete, akamtania Clarisse.

"Mama Placide, hodi. Mwalimu Norbert anakuulizia kila siku. Tumuambie ulishaolewa?"

"Muambie mutoto anagonjwa."

"Kila mutoto anagonjwa. Wa kwetu pia..." Eddy alichungulia, akamwona Placide mapajani mwa dada yake. Aliondoka bila kumalizia maneno yake.

Asubuhi iliyofuata Placide hakulia. Koko alifurahi, akasema kwamba uji umeanza kufanya kazi. Lakini Clarisse alimwinamia, akaona utosi wake umedidimia na macho yameingia ndani. Mtoto alikunja uso kama anayelia, ila hapakutoka sauti wala chozi. Uji aliomwekea mdomoni ulimwagikia shingoni.

Clarisse hakumwomba mtu ruhusa. Alimfunga mtoto mgongoni, akakimbia hadi ufuoni. Mama Chérie alipomwona, aliangusha kapu. Ndagala waliachwa mchangani bila mlinzi, na mama na binti wakaenda moja kwa moja kwenye kituo cha afya.

Muuguzi Anastasie alimpokea mtoto, akambana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili. Ngozi ilibaki imesimama.

"Anaharisha tangu lini? Na anakula nini?"

"Titi tu, Docta," Mama Chérie alijibu haraka. "Hata maji hapana."

Clarisse alimtazama mama yake. Alijua sababu: wakati wa ujauzito mama alifundishwa hapo hapo kwamba mtoto asipewe kitu kingine, na sasa aliona haya.

Muuguzi alikunja paji la uso. "Titi tu, na amefika hapa? Basi kuna ugonjwa mwingine ndani yake nisioujua. Ni lazima aende hospitali kubwa, na barabara leo imekatika kwa mvua ya usiku." Alimgeukia mama tena. "Una hakika?"

Mama Chérie alitazama sakafu. Katika nyumba yao mtoto hakumpinga mzazi mbele ya watu. Lakini Placide alikuwa kwenye meza ile, mdomo wazi, akipumua kwa shida.

"Docta, mimi namupatia uji wa muhogo," alisema. "Na maji ya sukari. Hanyonyi tena. Nilimulisha sana, lakini haongezeki."

Mama Chérie alimtupia jicho kali. Muuguzi hakumgombeza yeyote. Alikuwa amekwisha kuchukua sindano ya serumu, maji ya dripu ya kuingizwa mshipani, na mikono yake ilifanya kazi huku akizungumza.

"Asante, mwanangu. Sasa najua pa kuanzia. Tumbo la mtoto huyu bado ni changa kwa uji. Muhogo unamjaza, haumjengi, na maji na vyombo vinaingiza vijidudu. Ndiyo maana anaharisha. Mama, toa titi."

"Docta, nimetoka juani. Maziwa yamepikwa."

Muuguzi akamwomba akamue tone moja juu ya kifundo cha mkono wa Clarisse.

"Ni la moto?"

"Hapana," Clarisse alisema. "Silisikii hata kidogo."

"Kwa sababu lina joto la mwili wake. Mama, wewe unapika mbele ya moto kila siku. Damu yako imekwisha kuchemka hata mara moja? Jua halifiki huko ndani. Linaweza kukutia kiu, basi kunywa maji, lakini maziwa yako ni mazima."

Placide aliwekwa kifuani, ila hakuwa na nguvu ya kunyonya. Chuchu ilimtoka mdomoni. Mama Chérie alikamua matone machache ndani ya kikombe safi, yaliyofunika chini tu, akamdondoshea kwa kijiko. Machozi yalimtoka akikumbuka yale aliyoyamwaga kwenye majivu. Mchana ukapita hivyo. Mtoto alimeza tone moja, akapoteza la pili.

Kabla ya jua kuzama Koko Dorothée aliingia, ameficha sufuria ndani ya kitenge. Uji wa muhogo.

"Munamuua mutoto wangu na njaa," alisema.

Clarisse alidhani muuguzi atamfukuza. Badala yake, Anastasie alifungua kifuniko, akanusa, akatikisa kichwa.

"Ni uji mzuri, Koko. Mpe mama yake."

"Mama yake?"

"Tangu asubuhi hajala. Mlishe yeye, naye atamlisha mtoto. Kesho muongezee maharage na samaki."

Koko alimimina uji kwenye bakuli. Kisha alikaa kitandani, akamshikia mkwewe bakuli. Na Mama Chérie alipokuwa akila, Placide aliyelazwa kifuani pake alifungua mdomo, akashika titi, akavuta. Aliacha. Akavuta tena. Koko aliliweka bakuli chini polepole, kana kwamba mlio wa bati ungemkatiza.

Hakupona kwa siku moja. Maziwa yalirudi kidogo kidogo, kwa kuwa mtoto aliwekwa titini mara nyingi, mchana na usiku. Waliporuhusiwa kurudi nyumbani, Koko ndiye aliyembeba Placide kila asubuhi hadi ufuoni ili anyonye kivulini mwa mtumbwi, na Clarisse akarudi shuleni.

Placide alipotimiza miezi sita, muuguzi aliwaonyesha uji wake wa kwanza wa kweli: mzito, wa mahindi na soya, wenye mawese kidogo na ndagala waliosagwa, apewe kwa kijiko safi huku akiendelea kunyonya mpaka miaka miwili na zaidi. Placide alionja, akakunja uso, akadai kijiko cha pili. Mama Chérie alicheka, kisha akamvuta Clarisse karibu.

"Siku ile nilikukasirikia," alisema. "Nilitaka kulinda jina langu, weye ulimulinda ndugu yako. Docta akiuliza, semaga kweli, hata kama ni mama yako amedanganya."

Koko Dorothée alimfuta mtoto kidevu.

"Mbele ya kuzaa baba yenu Casimir, nilizaa wengine wawili," alisema. "Nilibapikia uji huu wa muhogo kwa mikono yangu, na upendo mwingi. Nikabazika wote wawili. Balisema ni jua, na miye nilikubali. Clarisse, mutoto akiwa hajafika miezi sita ni titi tu, hata maji hapana. Ukikuwa mama, usingojee mutu akuambie. Na wenzako ku masomo, baambie leo."