Google Iko Koboko

Duka la kuchapisha lililo mkabala na soko la Arua lilifurika wanafunzi. Sumayah, gurbaba, shuka ya Kinubi, ya rangi ya machungwa kiunoni, alikuwa akisubiri picha zake alipoona mashine ikitoa ukurasa wenye maneno yake mwenyewe: jinsi habuba yake, bibi mzaa mama, anavyosuka vifuniko vya chakula. Aliyaandika kwenye tovuti yake. Chini yake palichapwa: Chanzo: Google.

Mwenye karatasi alikuwa Kabiru, mpenzi wake.

"Mimi ndiyo Google?" Sumayah akauliza.

"Ah, sukari, kila mutu anaandika hivyo. Vitu ya intaneti haina mwenyewe."

Wahabu, rafiki wa Kabiru, akageuka. "Nani huyu?"

"Msichana mmoja wa Koboko," Kabiru akasema.

Mwaka mzima wa mapenzi, naye ni msichana mmoja! Sumayah hakugombana. Alichukua picha zake, akarudi kwao Koboko, na hata viatu hajavua, akaifunga tovuti.

Siku ya pili simu ikalia.

"Mpenzi! Mwalimu Anguyo amekataa kazi yangu. Anataka jina ya mwandishi, kichwa, anwani ya tovuti, na tarehe nilisoma. Nimempa anwani, anafungua, hakuna kitu! Anasema nimedanganya. Sitamaliza chuo!"

"Uliza Google."

"Sukari yangu, nakuomba..."

"Sukari iko dukani."

Akakata simu, akacheka hadi machozi yakamtoka. Mimi simlaumu. Aliyedharauliwa hadharani ana haki ya kufurahi kidogo.

Kesho yake Kabiru alifika Koboko, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi. Alimkuta Sumayah mkekani na habuba Medina.

"Soma vile umeandika sasa," Sumayah akaamuru. "Habuba asikie."

Kabiru akapiga magoti, akasoma kwa sauti: Sumayah Abdunoor, kichwa cha makala, anwani, tarehe. Na kwamba maelezo yametoka kwa Medina, msusi wa Koboko.

"Jina yangu iko?" bibi akashangaa.

"Iko, habuba."

Sumayah akaifungua tovuti.

"Umenisamehe?" Kabiru akauliza. "Nataka kuleta wazee."

"Walete. Lakini mbele yao utanitaja kwa jina. Ukisema msichana mmoja wa Koboko, nafunga mpaka mlango."

"Sumayah binti Abdunoor," Kabiru akaanza kujizoeza, magoti bado chini.

"Tena," akasema Sumayah. "Sijasikia."