Ndara Zilizokuwa na Joto

Hamjambo nyote? Nyamazeni kidogo, maana hata mimi nimechoka. Haya yalimpata rafiki yangu, dobi wa hospitali. Yeye na mama yake wana jozi moja tu ya ndara. Anayetangulia kufika nyumbani ndiye mwenye raha.

Jioni moja alirudi miguu imevimba, umeme umekatika. Mlangoni ndara hamna. Chumbani, ndani ya giza, akazisikia: chapa, chapa, chapa.

"Mama, nivulie basi! Nimesimama tangu alfajiri."

Mlio ukakoma. Akapapasa sakafuni penye mlango wa chumba, akazikuta mbele yake, zina joto. Akatumbukiza miguu, akashusha pumzi.

Mara mama yake akaingia kutoka nje, anahema. "Leo umeniwahi, mjanja wewe!"

Kabla hajajibu, chumbani miguu mitupu ikaanza kutembea, polepole, ikija walipo.