Madoa Kwenye Kioo cha Pikapu

Lushoto nzima hakuna macho makali kama yangu, mimi Anord. Nimemaliza kidato cha nne, tena fizikia nilifaulu. Nikisema nimeona, nimeona.

Mwaka ule mitumba ilijaa sokoni, na magari yaliyotumika Japani yalipanda mlima kila wiki. Baba yetu, mzee Timotheo, alinunua pikapu ya kushushia kabichi hadi Mombo. Mimi nilinunua miwani nyeusi ya mtumba. Mdogo wangu Esta alisema nafanana na nzi.

Jumatatu pikapu ililala gereji kwa fundi Hassani, pembeni mwa soko, abadilishe springi. Jumanne asubuhi tukaenda kuichukua, baba, Esta na mimi. Ukungu ulishaondoka, mbingu ilikuwa ya buluu tupu.

"Fundi, nipe ufunguo niipeleke mpaka nyumbani," nilisema.

Hassani alicheka mbele ya wateja wake. "Wewe? Juzi baiskeli ilikutupa kwenye mtaro, leo unataka gari?"

Watu wakaangua kicheko. Mimi huwa natania watu, sipendi kutaniwa. Masikio yaliwaka moto. Nikavaa miwani yangu, nikazunguka nyuma ya gari.

"Tate!" nilimwita baba kwa Kishambaa. "Njoo uone! Kioo cha nyuma kimeharibika. Kina madoa, yamepangwa mistari kama miche kitaluni. Fundi amechukua kizuri, amekuwekea kibovu!"

Nikampa baba miwani yangu, akaivaa. Akaona madoa ya buluu na zambarau. Akavua, yakapotea. Akavaa, yakarudi. Mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hassani! Kioo changu kiko wapi?"

"Si hicho hapo, mzee wangu?"

"Usiniite mzee wako! Hiki kimepasuka kwa ndani. Unataka kitulipukie kwenye kona za Mombo?"

"Sijagusa kioo chako! Nimegusa springi tu!"

"Mwizi!"

Neno hilo likitamkwa sokoni kwetu, watu hawaulizi mara mbili. Vijana waliokuwa wakipakia karoti waliacha matenga yao, wakaja mbio. Mmoja aliokota jiwe. Hassani alishika spana.

"Miaka tisa natengeneza magari hapa," alisema. "Nani nimemwibia hata nati? Aseme!"

Lakini jiwe halikuwekwa chini.

"Nyie! Mna wazimu?"

Alikuwa mwalimu Sesilia, anayefundisha fizikia. Alikuja kuchukua baiskeli yake. Alipita katikati ya watu, akamnyang'anya kijana lile jiwe.

"Shikamoo, mwalimu," nilisema kwa sauti ndogo.

"Marahaba. Nyamaza. Mzee Timotheo, pitisha kidole kwenye kioo. Kuna ufa?"

Baba alipitisha. "Hakuna. Lakini kwa miwani naona madoa!"

"Vaa. Sasa laza kichwa begani, taratibu. Unaona nini?"

Baba aliinamisha kichwa. "Yanafifia... Haa! Yamebadilika!"

"Ufa hauondoki kwa sababu umelaza kichwa. Nisikilizeni. Mwanga hutetemeka ukisafiri, kama kamba mnayoitikisa. Mwingine juu na chini, mwingine kushoto na kulia. Miwani hii ina utando unaopitisha mtetemo wa upande mmoja tu, mwingine unazuiwa."

"Na madoa?" aliuliza Hassani, bado ana spana.

"Kioo cha nyuma huchomwa kiwandani, kisha hupulizwa hewa baridi ghafla kutoka kwenye vitundu vingi. Hapo hujikaza. Kila palipopulizwa hujikaza kivyake na kuugeuza mtetemo wa mwanga, ndiyo mistari hiyo. Macho matupu hayaoni. Miwani hii huonyesha, hasa mbingu ikiwa safi. Si ubovu, ndiyo uimara wake. Siku kikivunjika, kinakuwa punje kama za mahindi, si visu vya kukata watu."

"Na kioo cha mbele?" aliuliza baba.

"Kitazame mwenyewe."

Baba alitazama. Hakuna madoa.

"Kile ni vioo viwili vilivyobandikwa pamoja, hakikupulizwa hivyo. Siku nyingine, mzee, ukishuku kioo, tazama kwa macho matupu, papasa kwa kidole, linganisha na gari jingine. Ndipo useme. Leo mngemuua mtu kwa ajili ya miwani!"

Vijana walirudi kwenye karoti zao, kila mmoja anatazama chini. Baba alimwendea Hassani. Mdomo ulikuwa mzito.

"Fundi, nimekukosea mbele za watu. Mbele ya watu hao hao nasema: wewe si mwizi. Nisamehe."

Hassani aliweka spana chini. "Nimekusamehe wewe, mzee. Huyu mwanao je?"

Wote walinigeukia.

"Mimi nilikosea tu," nilisema haraka. "Madoa yale nimeyaona leo kwa mara ya kwanza. Ningejuaje?"

Esta alinivuta shati.

"Kaka, si ulinivalisha miwani Jumapili nje ya kanisa? Ukanionyesha madoa ya gari la mchungaji, na ya pikapu yetu. Ukasema yanapendeza kama kitenge."

Jumapili. Na pikapu ilikwenda kwa Hassani Jumatatu.

Nilipapasa mfukoni nitafute miwani, nifiche macho yangu makali. Haikuwepo. Ilikuwa usoni kwa baba, na baba alikuwa ananitazama.